Tahadhari: muuza "maua ya kudumu kutoka Ulaya" anayezunguka Nyali, Bamburi na Mtwapa

Wenzangu wa Mombasa mnaopenda bustani, hamjambo. Huyu bwana bado anauza. Jana usiku nimeziona picha zake zilezile kwa nambari mpya ya simu, nikaona nikiendelea kunyamaza kwa aibu atawaliza wengine.

Anajitangaza kuwa na maua yasiyo ya kawaida, ya kupanda mara moja na kufurahia miaka: waridi la buluu, peoni, tulipu, waridi la jangwani la buluu. Sauti yake ya upole, kila maneno matatu "mamangu". Duka hana. Kitalu, asema, kiko Limuru. Miche yateremka kwa basi la usiku, kisha bodaboda akuletee mpaka mlangoni. Mimi naishi Bamburi. Nilichukua miche miwili ya waridi la buluu kwa shilingi 1,500 kila mmoja na mizizi mitatu ya peoni kwa 1,200 kila mmoja, na nauli 400. Jumla 7,000, nikazituma zote kabla sijaona hata jani. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lake. Nilipouliza akasema, "Ni la mke wangu huyo, mamangu." Nami nikaridhika!

Mawaridi yalifika yamechanua, kila mche ua moja, buluu ya wino wa shule. Majirani walikuja kutazama. Siku ya pili nikaona maji yanayochuruzika chini ya chungu yana ubuluu. Siku ya nne maua yakainama shingo. Nikaushika mche mmoja nikauvuta taratibu, ukanijia mkononi kama kijiti cha mshikaki: hauna mzizi hata mmoja, chini umekatwa kisu mshazari. Lilikuwa waridi jeupe la kukatwa, limenyweshwa rangi, likachomekwa kwenye udongo.

Baadaye ndipo nikajisomea nilichopaswa kusoma mwanzo. Waridi kwa maumbile yake halina delfinidini, ile rangi inayoyapa maua mengi ubuluu. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitangaza mwaka 2004 kwamba imepata waridi la buluu kwa kuhamisha jeni, likaanza kuuzwa huko 2009, na hata hilo ukilitazama utasema ni zambarau iliyofifia. Sasa huyu wetu la wino amelitoa wapi, tena kwa 1,500?

La peoni ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pale hakuhitaji hata kudanganya sana. Kwenye kadi aliandika: "Inastahimili hadi nyuzi 20 chini ya sifuri." Nikaona, mmea unaostahimili hayo, jua la Bamburi litaufanya nini? Kumbe nimelielewa neno kinyume. Wazungu wakisema mmea ni mstahimilivu, mara nyingi wamaanisha unastahimili baridi. Peoni na tulipu hazivumilii baridi tu, zinaihitaji: zisipokaa wiki kadhaa kwenye baridi kali, hazichanui. Hapa kwetu hata usiku wa Julai, tunapojifunika mashuka tukilalamika, kipimo hakishuki sana chini ya nyuzi 20, na hizo ni juu ya sifuri. Kwa hivyo hata angeniletea peoni halali kutoka Uholanzi, pesa zangu zingeoza ardhini vilevile. Ukiambiwa mmea unastahimili, uliza: unastahimili nini? Ustahimilivu wa kwetu ni upepo wa chumvi, udongo wa kichanga juu ya matumbawe, maji ya kisima yenye magadi, na miezi ya kaskazi bila tone la mvua.

La waridi la jangwani la buluu silo langu, lilimpata jirani. Lake lilikuwa waridi la jangwani la kawaida, maua yamepuliziwa rangi ya buluu, na shina limeng'olewa porini mizizi ikakatwa ili litoshe chunguni. Likaoza. Ule mmea ni wa kwetu, waota wenyewe bara ya pwani, na maua yake ni ya rangi ya waridi au mekundu. Miche ya kitalu ipo, haina haja ya kung'oa ya porini. Mkiupanda, watoto na mbuzi wasiuguse: utomvu wake ni sumu, wazee waliupaka mishale.

Na kama ni mmea usio wa kawaida unaoutaka, mbona tumeyasahau yetu? Mkilua, kichaka cha misitu ya pwani, ua lake halina sura ya kujivunia lakini moja tu, harufu yake yatosha chumba kizima. Mlangilangi. Mkadi, ambao bila ua lake kikuba cha bibi harusi hakijakamilika. Afu na asumini. Katika nyumba mpya za Nyali ni ngapi zina mkilua? Utapata boganvilia na nyasi tu. Hii ni lawama yangu binafsi, msinijibu kwa hasira.

Mkinunua, nendeni kwa wauza miche wa kando ya barabara mnaowaona kila siku kwenye kivuli chao. Bei zao zapanda wakiona gari, hilo najua, lakini kesho utamkuta palepale. Vuta mche kidogo: wenye mizizi hukataa. Geuza mfuko utazame matundu ya chini, mizizi iliyokomaa huchungulia. Kwaruza gome kwa ukucha, ndani pawe kijani. Ua lililochanua lisikulevye, tazama machipukizi. Na anayedai mche wake umetoka ng'ambo, mwombe karatasi: mimea hai haiingii Kenya kihalali bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule ilikotoka. Wangu nilipomtajia KEPHIS, "mamangu" ikakatika, na simu ikakatika nayo.

Pesa sikuzipata. Nilituma ujumbe kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa pesa za M-Pesa, lakini njia ile ni ya aliyekosea nambari, si ya aliyelizwa, tena mimi nilikuwa nimeshachelewa wiki nzima. Kwa hivyo lipa mche ukiwa mkononi, na jina la M-Pesa lisipolingana na la muuzaji, acha. Aliye na ujumbe wake kwenye simu asiufute. Mimi nimehifadhi wangu wote na nambari zote mbili, na tukiwa wengi tutakwenda kituoni pamoja.

Ile mizizi mitatu ya "peoni" niliifukia tu kwa hasira karibu na bomba. Miwili imeoza. Mmoja umechipua majani mapana kama ya mgomba, na juzi umetoa ua jekundu: ni kana, ileile inayoota bure kando ya mtaro nyuma ya nyumba yangu. Yastawi kweli, siwezi kuisingizia. Shilingi 1,200.