Kikundi cha taarab: ada za wanachama au mfadhili?

Mfadhili hununua fidla na udi kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo ada za mwezi haziwezi. Lakini mkataba wake una mwisho, na mara nyingi hupendelea maonyesho kuliko mazoezi ya chipukizi, ambayo ndiyo uhai wa kikundi.

Ada ni kidogo, na mhazini huchoka kuzidai. Hata hivyo, mwenye kulipa huja mazoezini, hutunza vyombo na husema wazi mkutanoni. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ni klabu ya wanachama, na ingali hai.

Mimi nachagua ada kwa pango, umeme na nauli. Mfadhili anunue vyombo tu, navyo viandikwe mali ya kikundi.