Ukuta wa tezi ya boti uliooza: plaiwudi mpya au resini ya kumimina?

Faibaglasi yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao iliyofungiwa ndani ya ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, pale mashine inapofungwa, maji yakipenya kwenye matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri.

Plaiwudi ya baharini ina kazi nzito: unakata ganda la ndani la faibaglasi, unakwangua uozo wote, unapaka epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) kingo zote za mbao mpya, unabandika na kubana mpaka ikauke. Ila kila hatua unaiona kwa macho, na hilo kwangu lina thamani kubwa.

Resini ya kumimina haiozi, na ganda linabaki zima; mbao huchimbuliwa kutokea juu, kisha resini ya majimaji humiminwa mahali pake na kuganda. Hofu yangu ni pembe za chini: zikibaki na unyevu, resini haishiki. Ganda likiwa limepasuka, chagua plaiwudi.