Vikuku vya fedha vya Kihindi Lubumbashi: chukua vya kabatini, chunguza vya trei nyeusi

Duka hili la vito vya Kihindi katikati ya mji lina payal nzuri, yaani vikuku vya mguu vyenye njuga, pamoja na bichhiya, pete ambazo wanawake wa Kihindu walioolewa huvaa kwenye kidole cha pili cha mguu. Kwa desturi yao dhahabu haivaliwi miguuni, maana ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Kwa hiyo hata mwenye uwezo hutafuta fedha.

Vya kabatini vina chapa 925 karibu na kifungo: fedha asilimia 92.5, inayobaki kwa kawaida ni shaba. Muuzaji anapima mbele yako, na hilo linastahili sifa. Mwambie atenganishe bei ya gramu na bei ya ufundi, kwa sababu ukija kuuza, ufundi haurudi. Vikuku vyenye mawe au mina, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya fedha, usikubali vihesabiwe uzito wote kama fedha.

Shida iko kwenye trei nyeusi. Hereni za jhumka, zenye umbo la kengele, na mikufu mizito zimechanganywa: baadhi ni fedha iliyotiwa weusi kwa salfa, nyingine ni "German silver", yaani shaba, zinki na nikeli, bila fedha hata chembe. Nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Usipouliza, huambiwi. Sumaku haitakusaidia, haivuti hii wala ile.

Kipimo ni maji. Pima kito kikiwa kikavu. Weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe sifuri, kisha ning'iniza kito kwa uzi kizame chote bila kugusa glasi. Gawanya uzito mkavu kwa namba unayoiona. Fedha ya 925 hutoa karibu 10.3, German silver hutoa kama 8.5. Njuga hushika hewa ndani na kushusha jibu, kwa hiyo tikisa hadi mapovu yaishe. Kito chenye mawe hakipimiki hivi.

Kabla ya kulipa, kagua kila kipete kinachoshika njuga. Vingi vya hapa havijalehemiwa: uzi wa kitenge ukinasa, kipete kinafunguka na njuga inapotea. Dai vilehemiwe kwanza. Bichhiya zina mwanya wa kurekebisha. Zibane mara moja tu, kwani ukizikunja mara kwa mara zinakatika.