ALTER SEQUENCE au setval: ipi ya kurekebisha namba za PostgreSQL?

Umeingiza data ya zamani kwenye jedwali la PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), id zimefika 500, lakini sikwensi, kihesabu kinachotoa id inayofuata, bado iko kwenye 1. Rekodi mpya ya kwanza itagonga kosa la ufunguo uliojirudia.

Mimi hukimbilia setval, kitendakazi cha kuipangia sikwensi namba, kwa sababu inakubali kutafutiwa namba palepale: SELECT setval('oda_id_seq', (SELECT max(id) FROM oda)), na inayofuata ni 501. ALTER SEQUENCE oda_id_seq RESTART WITH haikubali swali (query) ndani yake. Namba uiandike mwenyewe. Hapo ndipo wengi huteleza: RESTART WITH 500 hutoa 500 ileile, si 501. (Hata setval hufanya hivyo ukiiongezea false mwishoni.)

Tofauti nzito iko kwenye ROLLBACK. Ukighairi muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), RESTART hurudi ilikokuwa. Setval hairudi, imeshapita. Lakini tangu toleo la 10, RESTART huwasubirisha wote wanaoita nextval (kuomba namba inayofuata) hadi muamala wako uishe.

Kubadilisha hatua, kikomo au akiba (cache) ni kazi ya ALTER tu, na lazima uwe mmiliki. setval hutosheka na ruhusa ya UPDATE.