Leza ya macho: mwaka mmoja na miezi miwili bila miwani

Namba yangu ya miwani ilikuwa kutoa tano na nusu kulia, kutoa tano kushoto. Bila miwani nilikuwa namtambua mtu kwa sauti. Kwa hiyo sitajifanya mgumu: asubuhi ya pili baada ya upasuaji nilisoma saa ya ukutani nikiwa bado nimelala, nikalia.

Lakini sifa kubwa ya kliniki hii naipeleka kwenye siku ya vipimo. Niliambiwa niache lenzi za kuvaa wiki mbili kabla, maana zinaibonyeza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na vipimo vinatoka vya uongo. Kisha karibu saa tatu za mashine: ramani ya konea, unene wake, upana wa mboni gizani, kiasi cha machozi. Konea ina unene wa kama nusu milimita tu, na leza inachonga humo humo. Namba ikiwa kubwa, inachonga zaidi. Ikibaki nyembamba mno, au kama umbo lake lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, inaweza kuanza kutuna mbele na kuharibu uoni. Hutokea kwa nadra, ila likitokea si jambo dogo. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikataliwa siku ile ile, akatoka amenuna. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Uliza konea yako itabaki na unene gani baada ya kuchongwa. Wakikujibu kwa tabasamu bila tarakimu, ondoka.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Matone ya ganzi, kibanio cha kuzuia kope, kisha pete inayolikandamiza jicho hadi unaona giza tupu kwa muda. Hilo giza hakuna aliyenitajia, nikashika kingo za kitanda kama niko kwenye mashua. Wakafunua kiutando cha juu, taa niliyoambiwa niikodolee ikayeyuka, mashine ikaanza kutatarika, na nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Leza yenyewe haikufika dakika moja kwa kila jicho.

Sasa malalamiko. “Macho yatakauka kidogo,” walisema. Kidogo! Kukata kile kiutando kunakata na mishipa ya fahamu ya konea, ndiyo inayoliambia jicho litoe machozi, na huchukua miezi kuota tena. Miezi minne ya kwanza nilikuwa naamka usiku kope zimenatia, natafuta matone kwa kupapasa. Leo natumia mara moja au mbili kwa siku, zaidi nikikaa mbele ya kompyuta. Usiku taa za magari zilikuwa na duara la ukungu kuzizunguka. Limepungua, ila mvua ikinyesha linarudi. Anayeishi kwa kuendesha gari usiku alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Waliniambia pia kuhusu PRK, aina nyingine ya upasuaji wa leza, ambayo haina kiutando: wanakwangua ngozi ya juu ya konea, unaumwa siku kadhaa na uoni unarudi taratibu. Mimi sikuwa na subira hiyo. Ningejua habari ya ukavu, huenda ningekuwa nayo.

Na kuna hili la umri. Nina miaka 43. Zamani nikitaka kutunga uzi nilivua miwani, nikasogeza sindano puani, nikaona kila kitu. Huo ndio uliokuwa utajiri wa sisi tusioona mbali, na leza imeuchukua. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakakamaa kadiri mtu anavyosogea umri, nayo leza haiigusi. Tangazo lao ukutani linasema “Sahau miwani.” Mkobani nina ya kusomea.

Nyota nne. Ya tano niliibakiza kwa sababu ya sindano.