Pete Imepotelea Gerezani

Nyota moja. Na hiyo ni ya yule bibi mvushaji, mtengenezaji wa moduli hii, kisa cha kuchezwa ndani ya gemu ya kompyuta ya Neverwinter Nights, asije akajihesabia.

Neverwinter Nights sielezi ni kitu gani. Mnaosoma mnajua kwamba BioWare waliitoa mwaka 2002 na ndani yake wakatia Aurora, zana ya kujengea visa, ndiyo maana mpaka leo wapo watu wanaokaa majumbani mwao wakabuni miji, mapango na mazungumzo, kisha wakatugawia bure. Mie nacheza ile iliyofanyiwa matengenezo na Beamdog mwaka 2018. Moduli yenyewe siitaji jina. Si kwa heshima, ni kwamba sitaki kumtafutia wateja.

Jambo moja mlijue kabla sijaanza kusema ovyo: kwetu Wete sichezi peke yangu. Ilikuwa Ramadhani, watu wameshatoka tarawehe, daku bado mbali, na watoto wa kaka yangu wakiona tu kompyuta imewaka wanatandika mkeka nyuma yangu. Gemu ni Kiingereza kitupu, na moduli hii ina maneno mengi kuliko mapanga. Basi mie nasoma, nageuza kwa Kiswahili, na kila mtu nampa sauti yake. Mfalme nampa sauti ya puani. Mwenye duka namsemesha Kimakunduchi, watoto wanavunjika mbavu. Mama yuko jikoni, anajifanya hasikii.

Sura ya kwanza, wallahi, sijapata kuona mfano wake katika vitu vya bure, na vya kulipia ni vichache. Unafika kwenye kinamasi, hakuna daraja, kuna bibi mmoja na mtumbwi wake. Hakulilii shida. Hakwambii nchi iko hatarini na wewe ndiye uliyetabiriwa. Anakuuliza umekula? Halafu anakukaripia kwa matope ya miguuni, maana mtumbwi kausafisha asubuhi. Mnavuka, anazungumza habari za samaki waliopungua, na katikati ya samaki hao anataja mwanawe mara moja tu, kisha anarudi kwenye samaki. Mnafika ng'ambo, unataka kumlipa, hapokei. Anavua pete kidoleni: ukipita mnarani kuna mtu atakuuliza, mwonyeshe hii. Basi. Kasukuma upondo kaondoka.

Jikoni sufuria zilinyamaza. "Huyo mwanawe kafa?" Mama akauliza. Nikamwambia sijui, Mama, tutaona mbele. Tangu hapo kila usiku swali lilikuwa lile lile: yule bibi habari zake vipi?

Mngenikuta siku hizo ningewapa nyota tano na nyengine ningewakopa.

Sura ya pili unakamatwa. Hili la kukamatwa na kuvuliwa vitu vyote ni maradhi ya watengenezaji wa moduli, sijui nani kawaambukiza. Unazinduka selo huna panga, huna dawa, huna pete. Sawa, nimezoea, najua vitu vinawekwa kwenye sanduku la walinzi na ukitoroka unavikuta. Maelezo ya moduli yanajigamba kwamba njia ziko tatu: pigana, zungumza, au pita kimya. Mie mhusika wangu ni mwizi. Kujificha na kwenda kimya ni stadi mbili mbalimbali katika kanuni za toleo la 3 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu, ambazo ndizo gemu hii inazifuata, na pointi zangu takriban zote nimezimwaga humo. Ningepita wapi tena?

Mlinzi kalala kwenye kiti. Nikapita nyuma yake hatua kwa hatua, watoto wameziba midomo. Nikapita! Shajara ya gemu ikaandika kwamba nimepita bila kuonekana, na nikazawadiwa pointi za uzoefu. Nasema tena: nilizawadiwa. Moduli yenyewe ilinipongeza kwa kuchagua njia ile. Nikafungua kitasa cha ghala, nikafungua sanduku.

Mshumaa mmoja na kipande cha mkate.

"Ami, mbona hamna kitu?" akauliza yule mdogo. Nikamwambia tulia, vitu viko mbele, huyu bwana anajua kazi yake. Nikasevu, nikaendelea. Nikaokota kisu cha kutu, nikanunua koti bovu, nikavuka msitu, nikakodi mpiganaji mmoja mpayukaji wa kunisaidia. Siku zikapita. Umeme ukakatika, ukarudi. Tukafika mnarani.

Kwenye ngazi kasimama mzuka wa kijana, nguo zinamchuruzika maji. Anasema maneno machache tu: nionyeshe alichokupa mama yangu. Majibu ni mawili, "Sina" na "Nitarudi". Ukisema sina, anakwambia basi sikujui, lango linabaki kufungwa. Ukimrudia, anaanza upya. Nilibonyeza mpaka watoto wakaanza kusinzia.

Mama akatoka jikoni na upawa mkononi. "Si alikupa pete yule bibi?"

"Alinipa, Mama."

"Basi mwonyeshe."

"Sinayo."

"Umeipeleka wapi?"

Nimweleze nini? Kwamba kuna skripti, yale maagizo yanayoendesha gemu? Akanitazama pale nilipo, mtu mzima na ndevu zangu, akasema amana ya mtu haipotezwi hivyo, tena ya mama aliyefiwa. Akarudi kwenye uji wake. Hakunitania, alisema kweli kabisa, na mpaka kesho anaamini kwamba nilizembea.

Usiku ule sikulala. Nikaifungua moduli ndani ya Aurora, maana uzuri wa vitu hivi ni kwamba unaweza kupasua ukaona utumbo wake. Nikaona. Vitu vyako vyote vinatiwa kwenye sanduku la siri ambalo mchezaji hafiki. Kuvihamisha kutoka pale kuja kwenye sanduku la ghala kumetundikwa kwenye sentensi moja tu ya mazungumzo ya mlinzi, ile ya tatu. Ukimwua kabla hajasema, huna chako. Ukimpita amelala, huna chako. Njia tatu kumbe ni moja! Na dawa yake ni ndogo ya kutia aibu: skripti ile ile ingewekwa kwenye tukio la kufunguliwa kwa sanduku, na kila mtu, mpole, mkorofi na mwizi, angekuta vyake. Mtu aliyeweza kumwandika bibi yule anashindwaje na hili? Ndipo hasa ninapopandwa na hasira. Angekuwa hajui kuandika ningeifuta mapema nikalala.

Nikamwandikia. Kwa adabu, nikamsifu kwanza, nikamwonyesha pahala penyewe. Jibu lake lilikuwa fupi: moduli ni ya bure, na wengine wote wamemaliza. Pilau ya maulidi nayo ni ya bure, lakini mpishi akiacha mawe ndani ya mchele watu hawatafuni kimya. Halafu bure ya nani? Mafaili yake ya hak, yale ya vikorokoro vya ziada vya moduli, yalinimalizia bando la wiki nzima kwa usiku mmoja.

Mwengine akanishauri niwashe ile hali ya majaribio nijitilie pete mwenyewe kwa amri. Ahsante sana. Mwizi ni mhusika wangu, mie sighushi pete ya marehemu.

Sasa sikilizeni kioja. Muda si mrefu likatoka toleo jipya la moduli, na kwenye orodha ya mabadiliko kuna mstari mmoja: sanduku la gereza limerekebishwa. Kwa nani, kwa sababu gani, hakusema. Samahani haikuandikwa, wala jina langu. Na anayejua gemu hii anajua kwamba ukisevu, nakala ya moduli inabaki ndani ya faili lako, kwa hivyo toleo jipya halinisaidii kitu. Ni kuanza upya kinamasini.

Nimeanza upya. Msinicheke. Watoto wa kaka washachoka, wanataka gemu la mpira, lakini Mama hakuchoka. Safari hii kaleta kiti kutoka jikoni kabisa, na bibi alipovua pete kaniambia niitazame. Gerezani nikapita kimya kama mwanzo, kwa ukaidi tu, nikafungua sanduku, na vitu vyote vimo. Mnarani mzuka kaiona pete. Anachosema sikiandiki hapa, kitawaharibia, ila nilipomaliza kukigeuza kwa Kiswahili Mama alitaka nikisome tena tangu juu, na pahala pamoja akanisahihisha: mtoto hamsemeshi mama yake hivyo.

Kwa hivyo ile nyota moja niliyoanza nayo sasa ni nne. Ingekuwa tano, lakini hiyo ya tano naizuia kwa sababu ya lile jibu lake, na siku akijifunza kujibu watu nitampelekea. Nyinyi mliopakua zamani, ifuteni, chukueni mpya. Na hata kwenye hiyo mpya, mwamsheni mlinzi, mwachieni aseme sentensi yake ya tatu. Mie huyu bwana bado simwamini.