Blaindi isiyo na kamba chumbani mwa mtoto: uzoefu wangu, Donholm, Nairobi

Mwanangu alikuwa na miezi 19 alipoigundua cheni ya blaindi, lile pazia la dirishani la kupandisha na kushusha. Nilikuwa nafua, nikaingia chumbani kuchukua shuka, nikamkuta amesimama kwenye kitanda chake, ile cheni ya shanga za plastiki ameivaa shingoni kama mkufu, anacheka. Hakuumia. Niliitoa taratibu, nikakaa naye sakafuni mpaka mikono yangu ikaacha kutetemeka.

Blaindi hizo tuliwekewa na duka moja tulipohamia hapa, kwa sababu dirisha linatazama magharibi na jua la saa tisa lilikuwa halimwachi mtoto alale. Kazi ilionekana safi, nikalipa kwa M-Pesa nikashukuru. Jioni ya siku hiyo ndipo nilipokumbuka kifuko kidogo ambacho fundi aliniachia, nikakifungua: kipande cha plastiki na skrubu mbili. Hicho ndicho kishikilia cheni. Hufungwa ukutani ili cheni ikae imevutwa, isining'inie kama kitanzi cha kupitisha kichwa. Miezi yote hiyo kilikuwa kwenye droo ya jikoni. Fundi hakukifunga wala hakuniambia kazi yake, nami sikujua kuuliza. Linaniuma hadi leo.

Usiku ule nilisoma sana. Huko Marekani, CPSC, wakala wa serikali wa usalama wa bidhaa, husema watoto wapatao 9 wa chini ya miaka 5 hufa kila mwaka kwa kunyongwa na kamba za mapazia na blaindi. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na koo lake bado ni laini. Akiteleza akaning'inia, hana nguvu za kujiinua, na hapigi kelele kwa kuwa hewa ndiyo iliyozibwa. Unaweza kuwa chumba cha pili usisikie chochote. Kiwango cha Marekani kilizitaka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba anayoweza kuifikia mtoto tangu Desemba 2018. Zile za kupimiwa dirisha zilifuata Juni 2024. Hapo nikafikiria sisi, ambao karibu kila blaindi hupimiwa dirishani.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Nilipomweleza, alisema, "Mama, za kuvuta kwa mkono zipo, ni vile watu hawaziulizi." Alikuja Jumamosi, akapima, na baada ya siku nne akarudi na blaindi ya springi. Springi imo ndani ya bomba: unavuta ubao wa chini, inasimama unapotaka, ukiivuta kidogo tena na kuiachia polepole, inapanda yenyewe. Hakuna kamba, hakuna cheni. Kwa dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 nililipa shilingi 6,800 pamoja na kufunga. Ni zaidi ya ile ya kwanza, na ningelipa tena.

Ina kasoro zake. Ikipanda hadi juu kabisa siifikii bila kupanda kiti, kwa hiyo huwa naiacha kimo cha mkono wangu. Baada ya mwezi mmoja ilianza kujikunja upande. Fundi alirudi akairekebisha bila malipo. Na dirisha la sebuleni, lenye mita 2.4, alikataa mwenyewe kuliwekea springi, akisema kitambaa kipana hivyo kitalegea. Nilimheshimu kwa hilo. Pale tulibaki na cheni, ila akatoboa ukuta na kufunga kishikilia (nilikuwa nimeomba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza), cheni ikakaza. Akaongeza na kiungo kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa uzito. Nilikijaribu kwa mkono mbele yake, kikaachia.

Jikoni palikuwa na ile ya vibao vya alumini aliyoiacha mpangaji aliyetangulia. Kamba zinazopita katikati ya vibao nazo huvutika zikafanya kitanzi, jambo ambalo sikulijua. Niliing'oa, nikatundika pazia fupi kutoka Eastleigh.

Kitanda cha mtoto tumekihamishia ukuta wa pili, na kochi tumelitoa chini ya dirisha, maana sasa ana miaka miwili na anapanda kila kitu. Ukimwita fundi, mwulize kishikilia kabla hajakunja ngazi, na usimlipe mpaka ukione ukutani. Mimi nimeshanunua viwili vya akiba. Tunaenda kwa shosho Desemba, na chumba tunacholala kule kina cheni inayofika sakafuni.